Maswali ya Wasomaji: Naweza kuchukua setingi za Impreza niweke kwa Forester yangu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Nakuru, nina Forester XT ya 2005, ya Japani, otomatiki, injini EJ205 haijawahi kuguswa. Jamaa yangu ana Impreza STI, ya Japani pia, imetyuniwa inaenda kama risasi, na amenitumia faili ya kompyuta ya gari yake kwa WhatsApp. RomRaider, ile programu ya kufungua na kubadilisha hizi faili, niko nayo kwa laptopu na kebo nimeagiza. Nikiweka hiyo faili itakubali? Na kama haikubali, naweza kukopi zile setingi muhimu tu nibandike kwa faili yangu?

JIBU: Ndugu yangu, nimefurahi sana umeuliza kabla hujachomeka kebo. Faili nzima usiweke kabisa. Hiyo faili inajua gari ya jamaa yako: injini EJ207, tabo yake (turbo), nozeli zake za mafuta, giaboksi ya manyuali, gari iliyotoka kiwandani na farasi 280. Yako ilitoka na 220, tabo ndogo, nozeli zingine, na otomatiki inayoongea na kompyuta ya injini kila saa. Halafu kuna petroli. Hai-okteni ya Japani kiwango chao kinaanzia 96, hiyo ndiyo faili ya kiwandani iliandikiwa, kwa hivyo muulize jamaa yako tyuna wake aliishusha kwa mafuta tunayoweka huku au alipandisha tu busti, yaani presha ya tabo.

Kukopi jedwali moja moja inawezekana, lakini hapa ndipo injini nyingi zinafia. Kabla hujabandika namba zozote za taimingi (digrii ambazo cheche ya plagi inatangulia) angalia namba za juu na za pembeni ya jedwali, yaani mzigo wa injini (hewa inayovuta kila mzunguko) na mizunguko yake kwa dakika. Tuseme safu ya sita kwa faili yake ni mzigo wa 1.8 na safu ya sita kwako ni 2.2. Ukikopi ukabandika hivyo hivyo, digrii zilizofaa mzigo wa 1.8 sasa zinafanya kazi pale injini yako imebanwa zaidi, na programu haitakwambia kitu, itabandika tu na utaona jedwali zuri limenyooka. Kama mizigo haifanani piga hesabu ya katikati mwenyewe, seli kwa seli, inachosha lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kitu kingine wengi hawajui, kwa Subaru taimingi haiko kwa jedwali moja. Kuna ya msingi, na kuna ya pili inayoongezwa juu yake kulingana na vile kompyuta inaiamini petroli yako, ile namba inaitwa IAM, mwisho wake ni 1. Sasa pengine tyuna wa jamaa yako alipandisha ya msingi akapunguza ya pili. Tuseme pahali fulani yeye ana 20 na 2, jumla 22. Wewe ukichukua ile 20 peke yake na ya pili yako bado ni 8, umeenda 28! Digrii sita za bure ambazo hakuna mtu alipanga. Niliwahi kuletewa Forester kama yako imefanyiwa hivyo hivyo, mwenyewe alikuwa anasikia sauti ndogo kama kokoto kwa mkebe akipanda mlima akadhani ni bamba la chini limelegea, kumbe ni injini inagonga, tulipofungua pistoni ya nne imevunjika pale ringi inakaa. Iliniuma kwa sababu faili yake ya zamani haikuwa na shida yoyote.

Kwa hivyo mimi ningefanya hivi. Soma faili yako kwanza, ihifadhi mahali pawili na usiiguse tena, fanya kazi kwa kopi. Sensa ya hewa, nozeli na ile asilimia ya kufungua westigeti (mlango unaopunguza presha ya tabo) usichukue kwa mtu, hivyo ni vya vyuma vya gari yake. Ukimaliza linganisha kopi na faili yako ya mwanzo, RomRaider inalinganisha, na kama kuna jedwali limebadilika ambalo hukumbuki kuligusa, usiendelee. Wakati wa kuflashi, yaani kuandika faili kwa kompyuta ya gari, weka chaja kwa betri. Ukiunganisha zile soketi mbili za kijani chini ya dashibodi, za kuflashia, utasikia feni zinawaka na kuzima na pampu ya mafuta inalia, usishtuke, ndivyo inavyokuwa. Baada ya hapo endesha polepole huku unarekodi namba za kompyuta kwa laptopu. IAM inaweza kuanza 0.5 baada ya kuflashi na kupanda yenyewe, ila ikigoma kufika 1 ama ikifika halafu ishuke, toa mguu na urudishe faili yako ya kwanza siku hiyo hiyo.

SWALI: Mimi niko Arusha. Nimefungua faili mbili za Subaru kwa programu ya kuonyesha baiti, nikaona sehemu zinafanana. Si naweza kukopi kile kipande tu? Na umeme wa laptop ukikatika katikati ya kuflashi?

JIBU: Hapana kaka, usikopi baiti. Jedwali lile lile linahama sehemu kutoka toleo moja la faili hadi jingine, hata kwa gari za mwaka mmoja, na kuna kompyuta za 512KB na za 1MB, unaweza kuandika taimingi juu ya maagizo yenyewe ya kompyuta. Tumia programu yenye faili ya maelezo (inayosema kila jedwali liko wapi) inayolingana na namba ya utambulisho ya faili yako. Kuhusu umeme, ikikatika katikati usizime swichi ya gari! Kile kiprogramu kinachopokea faili kimekaa kwa kumbukumbu ya muda, ukizima swichi kinapotea. Acha swichi ON, chaja ibaki kwa betri, washa laptop upya na ujaribu kuandika tena faili ile ile.