Wasomaji Wauliza: Muziki wa Filamu Isiyokuwepo

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete. Mchana nauza duka na usiku natunga muziki kwa kompyuta. Tangu msimu wa karafuu uliopita nimetunga vipande 14 visivyo na maneno, na vyote vinafuata filamu iliyomo kichwani mwangu tu: karani wa kupima karafuu ambaye mchana huandika uzito kitabuni kwa uaminifu, na usiku huwasaidia ndugu zake kuvusha magunia ya magendo kwa mashua. Filamu yenyewe haipo wala sina fedha za kuipiga. Rafiki zangu wawili wamesikiliza. Mmoja amesema vipande vyote vinafanana, na mwengine amecheka akaniuliza muziki wa filamu bila ya filamu ni mdudu gani. Je, jambo hili lina msingi? Na nifanye nini ili msikilizaji aione hadithi bila ya mimi kumwandikia? — Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Nitaanza na huyo aliyecheka, kwa kuwa ni mwepesi kumjibu. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu aliyoiita Music for Films, aliyoikusudia iwe muziki wa filamu za kufikirika, ingawa baadhi ya vipande vyake vilitumika katika filamu za kweli. Mwaka 1989 Barry Adamson wa Manchester alitoa Moss Side Story, albamu nzima ya filamu ya uhalifu ambayo hakuna aliyeipiga. John Carpenter, Mmarekani anayejulikana kwa kujitungia muziki wa filamu zake, naye alifika mwaka 2015 akatoa albamu ya vipande visivyofungwa na picha yoyote. Kwa hiyo hujabuni jambo la ajabu. Na kama mifano hiyo ya mbali haimtoshi, rafiki yako awaulize wazee wake habari za michezo ya redio, ambamo mlango ulilia, mtu akaingia, na kila nyumba ikamwona mtu huyo kwa sura yake. Awaulize pia waliokuwa wakienda sinema ya Majestic pale Vuga kutazama filamu za Kihindi, kisha wakarudi mtaani wakiimba nyimbo zake, hata watoto ambao hawakuwa na fedha za tiketi wakaijua filamu kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho.

Rafiki yako aliyesema vipande vinafanana ndiye wa kumsikiliza, kwani nadhani ameona kweli. Umeniandikia kwamba una vipande 14, lakini hukuniambia karani huyo ana sauti gani.

Mwaka 1956 ilitoka Marekani filamu ya Forbidden Planet, ambayo muziki wake wote ulikuwa wa elektroniki, kazi ya mke na mume, Bebe na Louis Barron. Hawakuwa na vinanda vya elektroniki kama hivi tulivyonavyo leo. Waliunga saketi kwa mikono yao, wakazilisha umeme kupita kiasi na kurekodi kwenye utepe milio ziliyoitoa, na nyingi ziliungua zikafa zikiwa zinarekodiwa. Kwao kila saketi ilikuwa kama mhusika mwenye tabia na umri wake. Hilo ndilo la kuiga. Mpe karani sauti moja tu, tuseme kinanda chembamba kinachopiga noti nne, na usimpe mtu mwengine sauti hiyo. Katika kipande cha kwanza iwe safi. Kila magendo yanapozidi, ifungie kidogo kichujio, yaani kifaa cha programu kinachokata sehemu ya sauti, iongezee mkwaruzo kidogo, mpaka ifike kipande cha mwisho noti ni zilezile nne lakini msikilizaji hana hakika kama ni mtu yuleyule. Hapo utakuwa umesimulia, na hukuandika hata neno moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua kwa aibu. Albamu yangu ya kwanza ya namna hii niliijaza hadi mlangoni: besi, ngoma, nyuzi, filimbi, mwangwi juu ya mwangwi. Nikawapelekea wazee wawili wa barazani kwetu hedifoni wasikilize. Mmoja alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akavua hedifoni, akaniuliza: «Hawa watu wa filamu yako, husema saa ngapi?» Sikuwa na jibu. Katika filamu ya kweli muziki hupisha maneno, na mtunzi akisahau kupisha, mchanganyaji wa sauti atamteremsha kwa nguvu. Katika filamu isiyokuwepo hakuna wa kukuteremsha, kwa hiyo wengi wetu tunatunga kama kwamba wahusika wote ni mabubu.

Dawa yake ni kuwaachia wahusika nafasi ya kusema, ingawa hawatasema. Chukua tukio ambalo karani anaulizwa na mkuu wake kwa nini hesabu ya jana haikukaa sawa. Liandike kwenye karatasi, maneno yote, swali na jibu, kisha lisome kwa sauti huku unatazama saa. Tuseme limechukua sekunde 50. Kwa sekunde hizo 50 muziki ukae kwenye noti nzito kabisa na nyembamba kabisa, na katikati pawe patupu. Simu za zamani zilipitisha sauti ya mtu kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu, na maneno yakafahamika. Eneo hilo ndilo utakalolipunguza kwa kusawazisha masafa, hasa pale mkuu anaposubiri jibu. Halafu karatasi ichane. Msikilizaji hatajua kilichosemwa, lakini atahisi kwamba mbele yake kuna watu wawili na mmoja wao amenyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Mimi naona hapa ndipo muziki wa filamu ya kubuni unapoachana na muziki wa kulalia.

Kuhusu sauti za mahali, unayo hazina miguuni pako. Karafuu zikishakauka juu ya jamvi, weka simu karibu nazo kiasi cha kiganja, pitisha mkono polepole, na urekodi sekunde kumi. (Kama programu ya simu yako inapandisha sauti yenyewe pakiwa kimya, izime, la sivyo utarekodi pumzi zako.) Ipokee sauti hiyo katika kompyuta kama ilivyo: ni kavu, ina vichwa vidogo vinavyogongana, na kila aliyewahi kukaa kambi ya karafuu ataitambua. Sasa ipunguze mwendo kwa nusu. Sekunde kumi zitakuwa 20, sauti itashuka oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, na ukiipunguza nusu tena itashuka oktavu nyengine. Hapo karafuu hazimo tena, umebaki na maji yanayovuta mchanga usiku. Mchana wa karani na usiku wake vimetoka katika jamvi moja. Usimwambie mtu.

Ila jihadhari na kuchora kila kitu. Nakisia una kipande cha mvua, wakati watu wanakimbilia kuanua karafuu, na nakisia umeweka mvua ndani yake. Iondoe. Weka haraka ya watu: noti fupi zinazoanza pamoja na kisha kila moja ikashika mwendo wake, kama miguu ya watoto na ya watu wazima. Na ukirekodi alfajiri, adhana itaingia. Mimi huifuta au husubiri imalizike, kwa kuwa sioni vyema kuifanya pambo la muziki wangu. Wewe utaamua lako.

Vipande 14 ni vingi. Filamu za kweli zina vipande vya dakika nne na vya sekunde 40, na hivi vifupi ndivyo vinavyofanya virefu vivumilike, lakini nina shaka kama wewe umetunga hata kimoja kilicho chini ya dakika mbili. Vipunguze viwe tisa, vitatu kati yake visizidi dakika moja. Hadithi usiiandike kwenye jalada. Majina ya vipande yatatosha, mradi yataje mahali na saa, si hisia: «Mizani, Saa Nne Asubuhi» kinaonesha picha, ilhali «Huzuni ya Karani» kinampa msikilizaji amri.

SWALI: Mwalimu, mimi napiga fidla katika kikundi cha taarab hapa mjini, na binti yangu anatunga muziki wa filamu za kubuni kwa kinanda cha elektroniki. Tunapojaribu pamoja katika rasti, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu tunaoutumia katika taarab, fidla yangu na kinanda chake hazikai pamoja, na yeye anasema mimi ndiye niliyetoka kwenye sauti. — Mama Fidla, Mji Mkongwe

JIBU: Hujatoka popote, bibie. Kinanda kimegawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti, si fedha), kwa hiyo kati ya senti 300 na 400 hakina kitu. Na sauti ya tatu ya rasti inakaa humo humo, karibu na 350. Aliyepiga ganuni anajua, kwani chombo hicho kina vyuma vidogo vya kuinua na kushusha kila uzi kwa sababu hiyo. Programu nyingi za leo zinaruhusu kushusha noti mojamoja, kwa hiyo rasti ikianzia do, binti ashushe mi na si kwa takriban senti 50, kisha akae nawe asogeze kidogo mpaka zitulie, maana wapigaji hawaiweki sauti hiyo pahali pamoja kwa kipimo cha rula. Sauti hizo zilizoshushwa aziweke katika njia yake peke yake. Akiishusha programu nzima, besi na nyuzi zake nazo zitaharibika. Na lile wimbi refu la chini ambalo watunzi wa filamu hulipenda, lipigwe kwa sauti ya kwanza na ya tano tu, ya tatu aiachie fidla. Ni kawaida kinanda kumfuata mwenye uzi.

SWALI: Naweza kukata sekunde tano za rekodi ya zamani ya taarab nikazizungusha katika albamu yangu, kwa kuwa ni fupi? — Msomaji, Kikwajuni

JIBU: Ufupi haukupi ruhusa. Katika rekodi moja mna haki mbili, ya aliyetunga wimbo na ya aliyeurekodi, na unahitaji idhini ya pande zote mbili. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake ni COSOZA. Nenda ukaulize kabla ya kutoa albamu, uchukue na jina la wimbo na la kikundi. Ukiupiga upya mwenyewe kwa udi wako, utakuwa umeondokana na haki ya rekodi, lakini ya mtunzi bado inakungoja.