Nyie Mnaoliza Watu Kwenye Taimulaini

Juzi kijana mmoja wa chumba chetu cha uhariri wa dokumentari, filamu za maisha halisi, aliniita kwa furaha ya mtu aliyevua samaki mkubwa. "Dada, njoo uone, nimemliza!" Nikaenda. Kwenye taimulaini, ule mstari wa kwenye skrini tunaopangia vipande vya picha na sauti, mama mmoja anaeleza alivyofukuzwa kazi, kisha klosapu, uso umejaa skrini, kisha chozi linashuka taratibu. Zuri kweli. Nikamuuliza, chozi hili limetoka wapi? Akajikuna kichwa, akarudi kwenye kadi ya kwanza ya kamera, dakika ya tatu. Mama wa watu alikuwa anapikicha jicho kwa sababu tulimwekea taa usoni kabla hata ya swali la kwanza. Tumemtoa machozi kwa taa, halafu tukamsingizia huzuni.

Sikumfokea. Nilivuta kiti nikakaa naye, maana ni wa nne mwaka huu, na kila mmoja wao huja akidhani mbinu hiyo kaigundua yeye. Basi naandika mara moja, ili wa tano nimpe asome nami ninywe chai yangu ikiwa bado ina moto.

1. Futeni kabisa msemo wa "tulichukua tu ilivyokuwa." Hakuna kuchukua tu. Ile filamu ya wafanyakazi wakitoka kiwandani kule Lyon, ya mwaka 1895, ambayo kila darasa la filamu huanza nayo, ipo katika matoleo matatu. Kuyatofautisha ni rahisi, hesabu farasi: toleo moja lina farasi mmoja, jingine wawili, jingine halina farasi kabisa. Yaani watu wale walitoka kazini, wakaja wakatoka tena, wakaja wakatoka tena. Na mwenye kamera, Louis Lumière, ndiye familia yake ilikuwa na kiwanda. Bosi anakuambia pita langoni kama kawaida yako. Utamwambia hupiti? Kila ninapomfundisha mgeni kujaza fomu ya ridhaa huwa namtajia lango lile. Mtu asiyeweza kukukatalia hajakukubalia, hata akitia sahihi mara tatu.

2. Kupanga si dhambi. Dhambi iko kwingine, nitafika. Mwongozaji Robert Flaherty, katika filamu yake ya 1922 kuhusu Nanook, mwindaji wa Kiinuit wa kaskazini mwa Kanada, alikuta nyumba ya barafu ni ndogo na ina giza, kamera haioni kitu. Ikajengwa kubwa zaidi, ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie, na ile familia ikajilaza humo na baridi yote ile, ikijifanya imelala. Hata familia yenyewe ilikuwa ya kupangwa: mke wa kwenye filamu hakuwa mke wa mwindaji huyo. Jina halisi la mwindaji lilikuwa Allakariallak, si Nanook. Walikuwa na bunduki, lakini waliwinda kwa chusa kwa sababu Flaherty alitaka maisha ya zamani. Vijana wakisikia haya hugawanyika: nusu wanasema tapeli, nusu wanasema basi na sisi tumeruhusiwa. Nyote mmekosea. Wainuit wale walishiriki kuitengeneza, walijua wanaigiza, na wengine ndio waliokuwa wakimsaidia mitambo ikimsumbua. Wasiojua walikuwa watazamaji. Kosa ni hilo, na ni kosa zito, lakini kuna zito zaidi, nalo ni pale asiyejua anapokuwa yule aliye mbele ya kamera.

Au asipokuwa na namna ya kujua. Mwaka 1958 Disney ilitoa filamu ya wanyama wa kaskazini, na ndani yake lemingi, vinyama vya jamii ya panya, wanajirusha kutoka gengeni kwa wingi kama walioamua kufa. Hawakuamua chochote. Walinunuliwa, wakapelekwa Alberta, Kanada, mahali pasipo kwao, wakazungushwa kwenye meza ya kuzunguka waonekane wengi, kisha wakasukumwa. Filamu ikapata Oscar ya dokumentari. Ukweli ulianikwa na televisheni ya Kanada mwaka 1982, lakini muulize mtu yeyote leo lemingi hufanya nini. Atakuambia hujiua. Mkato mmoja umewasingizia jamii nzima ya wanyama, na hawana pa kukata rufaa.

3. Rekodini sauti ya chumba kikiwa kimya, nusu dakika, kila eneo, bila kuniuliza kwa nini.

4. Sasa Kuleshov, mwongozaji wa Urusi na jaribio lake la uhariri. Mnamjua, mmejibu kwenye mtihani: uso uleule wa mwigizaji Mozzhukhin usio na hisia, ukiwekwa baada yake bakuli la supu, watazamaji wanaona njaa, ukiwekwa jeneza, wanaona msiba. Mnalijibu swali hilo vizuri, halafu mnatoka darasani mkidhani limewapa ruhusa. Nami nilidhani hivyo, na ndiyo sababu nitawaeleza jambo ambalo huwa silielezi.

Nilikuwa nina mwaka wa pili kazini. Dokumentari ilikuwa ya ndugu wawili waliogombania urithi, miaka 11 hawasemezani. Tulimhoji mkubwa siku mbili nzima. Mzee wa watu mtulivu, mwenye kupima neno kabla ya kulitoa. Mwongozaji wangu alitaka filamu iishie kwenye upatanisho, kwa sababu wafadhili walikuwa wameshaandikiwa kwamba itaishia kwenye upatanisho. Mnalijua hilo, pendekezo huandikwa kabla ya maisha. Nikapewa saa tisa za mahojiano na maagizo ya maneno mawili: "Tafuta msamaha."

Nikautafuta. Siku ya pili, kuelekea jioni, mzee alisema hivi: "Siwezi kusema nimemsamehe. Nimechoka tu kumchukia."

Nadhani mmeshaona. Lugha yetu hii tamu ina hatari yake. Ondoa "siwezi kusema" na kinachobaki ni sentensi kamili, yenye nafsi, wakati na mtendwa, yote katika neno moja: "Nimemsamehe." Hata sauti ilikuwa upande wangu, maana alishusha pumzi pale mwishoni, ikatua kama sentensi iliyokwisha. Mkato niliufunika kwa shoti ya mikono yake juu ya meza. Kisha nikatafuta mdogo mtu. Nilikuwa naye akitabasamu, tabasamu pana la kutoka moyoni, lililopigwa wiki nyingine kabisa fundi sauti wetu alipojikwaa kwenye waya. Nikaliweka baada ya "nimemsamehe." Nikaongeza kinanda. Mwongozaji alipoangalia alinikumbatia. Nami, Mungu anisamehe, nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kukaa chumba cha uhariri. Yangu ilikuwa na dakika 52 na rangi zimesawazishwa.

Siku ya onyesho wote wawili walialikwa, wakaketishwa mbali. Mkubwa hakuwa ameonyeshwa chochote kabla, kwa sababu tulitaka "kumfanyia sapraizi." Filamu ikafika pale. Ukumbi ukapiga makofi gizani. Taa zilipowaka nikamwona mdogo amesimama, analia machozi yasiyo ya taa, anakuja kwenye njia ya katikati ya viti na mkono wake umenyooka mbele. Watu wakasimama. Na yule mzee akabaki ameketi kidogo, labda sekunde tatu. Mimi ni mhariri, sekunde tatu nazijua urefu wake. Kisha akasimama akaupokea ule mkono. Angefanya nini? Ukumbi mzima ulikuwa umeshamsikia akisamehe. Kuukataa mkono ule kungemfanya yeye ndiye mwongo.

Baadaye alinikuta mlangoni nikikunja nyaya. "Binti, ni wewe uliyekata?"

"Ndiyo, mzee."

"Maneno yale niliyasema lini?"

Nikajibu, na jibu hili ndilo linaloniamsha usiku kuliko mkato wenyewe: "Yapo kwenye mahojiano, mzee."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoiweza. "Yapo. Lakini yalikuwa na wenzake."

Akatoka. Mdogo wake alikuwa anamsubiri nje.

Kuna jingine, dogo, la kiufundi, na nimelielewa miaka mingi baadaye. Sentensi niliyoitupa ndiyo iliyokuwa filamu. "Nimechoka tu kumchukia." Hebu isomeni polepole. Hakuna mwandishi wa skripti angeitunga. Nilikuwa na dhahabu mkononi nikaiyeyusha nipate bati, kwa sababu bati lilikuwa kwenye pendekezo.

5. Kila nikisimulia hayo, kuna anayeuliza: "Lakini dada, walipatana?" Huyo ndiye ninayemhofia. Mnaipenda sana ile filamu ya 1998, The Truman Show, ya mtu ambaye maisha yake yote ni kipindi cha televisheni naye hajui, na nyote mnatoka mkijiona Truman, mtu huru aliyegonga ukuta wa mbingu kwa mashua akapata mlango. Samahani. Kwa mshahara mnaolipwa, nyinyi ni wale waliojificha ndani ya mwezi bandia, kwenye chumba cha mitambo, wakibonyeza vitufe. Christof, aliyeijenga ile dunia, si katili wa kupiga watu. Anampenda Truman, anaamini amempa mahali salama kuliko huku kwetu. Kumzuia asiondoke hakumfunga kamba, alimwandikia tu hadithi: baba yako kazama baharini, kwa hiyo uogope maji. Mkato mmoja wa hadithi unatosha kumfungia mtu kisiwani miaka yote. Na mara nyingi mkataji ana nia njema, anauliza kama walipatana.

(Kijembe kidogo: ule mji bandia wa kwenye filamu ni mji wa kweli, Seaside, Florida. Hawakuhitaji kuujenga. Nao watazamaji, Truman akishatoka, wanaulizana kuna nini kwenye chaneli nyingine. Msiwategemee wawe dhamiri yenu.)

6. Ya haraka haraka. Mwonyeshe mhojiwa sehemu yake kabla ya ukumbi, ukikaa naye mwenyewe, si kwa kumtumia kiungo. Andika mahojiano yote neno kwa neno kabla hujagusa mkasi. Usiweke muziki mpaka onyesho lisimame bila muziki. Nakala tatu, mahali pawili tofauti. Flaherty huyohuyo aliwahi kuunguza karibu futi 30,000 za filamu kwa sigara yake mwenyewe. Na faili lisiitwe "mwisho_kabisa_2_hili_ndilo."

7. Wengine mnadhani dawa ni sheria. Nimewasikia: dada, basi tusiguse, tushike kamera mkononi, mwanga wa asili, tuone. Waongozaji wa Denmark, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, walijifunga hivyohivyo mwaka 1995 na kanuni zao za Dogme: hakuna taa za ziada, hakuna kuleta vifaa vya jukwaani, sauti isitenganishwe na picha, jina la mwongozaji lisitajwe. Vinterberg akatengeneza Festen, ya 1998, na baadaye akaungama kwamba alifunika dirisha wakati wa kupiga picha. Dirisha! Huwa nacheka, lakini namheshimu kwa hilo. Alijua hata pazia ni uamuzi wa mtu, akasema. Nyinyi mnabadilisha sentensi za watu na hamuungami chochote.

Na wale wa "hatuna uhuru, bajeti ndogo, mteja anabana": mwongozaji Jafar Panahi alipigwa marufuku Irani asitengeneze filamu kwa miaka 20. Akakaa nyumbani kwake, akabandika utepe kwenye zulia kuonyesha hapa chumba, hapa mlango, akaanza kusoma skripti aliyokatazwa kuipiga. Filamu ya kusoma huko ikatoka mwaka 2011, ikaitwa "Hii Si Filamu." Kwa hiyo ukija kwangu kulalamikia lenzi, uje na utepe.

8. Nilitaka kuandika kuhusu rangi, nimechoka.

Yule kijana, mnataka kujua. Ameliondoa chozi. Onyesho sasa linaishia pale mama anaposema "wakanipa bahasha," halafu ananyamaza, anatazama pembeni kwa sekunde tisa, halafu anauliza kama tunataka maji. Kijana anasema linachosha, nami nimemwambia alale nalo siku mbili. Jana mama alikuja kuliona. Alipofika kwenye zile sekunde tisa akatabasamu, akasema, "Hapo nilikuwa namfikiria aliyenikabidhi ile bahasha. Alikuwa rafiki yangu." Hatukuwahi kumuuliza.

Kijana ameshaomba kamera ya Ijumaa. Na aliyechukua diski yangu ya bluu airudishe.