Kabla ya kuhesabu vifaru, tafuteni mizinga

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu za Vita vya Pili vya Dunia huko Afrika Kaskazini. Karibu zote zinaanza na jedwali la vifaru: huyu anavyo vingapi, yule vingapi, aliyezidiwa kashindwa. Nimechoka nalo, lakini nalijua vizuri, maana mimi mwenyewe nilipitia humo humo.

1. Ramani iwe mezani. Tripoli, Libya, hadi El Alamein, Misri, ni zaidi ya kilomita 2,000, na malori ya Rommel, jenerali wa Wajerumani, yaliunguza njiani petroli ile ile yaliyoibeba.

2. Semina yangu ya kwanza ilihusu Battleaxe, shambulio la Waingereza la Juni 1941. Waingereza walipoteza vifaru 91 kwa siku tatu, nami nikahitimisha kuwa vifaru vya Wajerumani vilikuwa bora. Mwalimu aliniacha nikasoma hadi mwisho, akauliza: "Mizinga ilikuwa wapi?" Nikanyamaza. Sikuwa nimeandika hata sentensi moja kuhusu Halfaya, njia ya mlimani mpakani mwa Misri na Libya, ambako mizinga ya Wajerumani ya milimita 88, iliyoundwa kudungulia ndege, ilichimbiwa mashimo hadi mitutu ikakaribia kugusa mchanga. Matilda, kifaru cha Waingereza chenye chuma cha milimita 78 usoni, kilitobolewa kutoka mbali, na mzinga wake mdogo haukuwa na kombora la kulipuka la kuwapiga waliojificha mashimoni. Usiku ule sikula. Alama hazikuniuma, kilichoniuma ni kwamba nilieleza vifo vya vijana wale bila kujua nani aliwaua.

Basi fuatilieni mtego huo: vifaru vya Wajerumani vinarudi nyuma, Waingereza wanavikimbiza, wanaangukia mizinga. Ndiyo maana Alam Halfa, pigano la karibu na El Alamein mwishoni mwa Agosti 1942, ina uzito: Montgomery, jenerali wa Waingereza, aliviweka vifaru vyake juu ya kilima na kuvizuia visikimbize. Rommel alisubiri wafukuzaji, hawakuja.

3. Msidharau vyombo. Waingereza walibeba petroli kwa debe, debe hili hili la bati tunalolijua, na lilivuja kila lori liliporuka shimo. Wakaiga dumu la Wajerumani, ambao Waingereza waliwaita kwa utani "Jerry". Jerikeni mnayochotea maji imebeba jina hilo.

4. Someni pia vita vya Chad na Libya, 1987: Toyota za Chad zenye Milan, makombora ya kupiga vifaru, zilivizunguka vifaru vya Libya huko Fada kwa kasi ambayo mizinga yake haikuweza kuifuata.

Rasimu mpya nazitaka Ijumaa. Nitaanza kusoma pale mizinga inapotajwa.