Kongamano la usingizi ufukweni: nimeenda mara nne, nakwambia lipi lilinifaa

Wakuu, habari za humu. Huu uzi nimeuona jana nikiwa zamu ya usiku nikasema ntajibu nikitoka, maana hili swali limeshanila hela na likizo za kutosha.

Kwa mliochelewa, mleta uzi ni mtu wa usingizi (sisi tunaolaza wagonjwa kwa ajili ya upasuaji), ana miaka sita kazini, kapata mwaliko wa kongamano la siku nne nchi nyingine kwenye hoteli ya ufukweni, masomo ni asubuhi tu, mchana huru, mwisho wa siku anaondoka na pointi 20 za mafunzo kwa ajili ya leseni. Mabosi wake wanamwambia huko ni kula bata kwa kisingizio cha shule, pointi hizo hizo anaweza kuzipata mtandaoni akiwa kitandani. Anauliza aende au aachane nalo.

Mimi nimeenda mara nne. Mawili hasara tupu, moja la wastani, na moja ndo limebadilisha ninavyofanya kazi mpaka leo. Kwa hiyo mabosi wako hawajakosea kwamba kuna utapeli humo, ila wanaulaumu ufukwe bure.

La kwanza nilikaa safu ya nyuma, ukumbi una kiyoyozi cha kuhifadhia maiti, mtoa mada anasoma slaidi neno kwa neno kama katekista, tunaskani beji kuingia tunaskani kutoka, pointi zinahesabika. Nilijaza kurasa tatu za daftari ambazo sijawahi kuzifungua hadi leo. Mfuko waliotugawia ndo ulidumu, mke wangu anautumia. Na hili sio la kwangu peke yangu, tangu 1999 kulikuwa na mapitio ya Davis na wenzake kwenye jarida la JAMA yaliyoonyesha kwamba mihadhara mitupu haibadilishi sana namna daktari anavyofanya kazi, kinachosogeza mambo ni mafunzo ambayo mshiriki anafanya kitu mwenyewe. Miaka yote hiyo na bado watu wanapanga viti 300 mbele ya skrini moja afu wanaita wakshopu. Kama kongamano lako liko hivyo basi wasikilize mabosi, kaa kitandani uangalie video, angalau hapo unaweza kurudisha nyuma.

Sasa lile la tatu. Hata sikulitarajia, nilienda kwa sababu rafiki yangu aliyelipia alishindwa kusafiri. Asubuhi ya kwanza tunaingia kachumba kadogo watu nane, hakuna projekta, kuna meza, juu ya meza kuna vichupa tisa vya dantrolini iliyoekspaya (dawa ya ile dharura adimu ambapo gesi ya usingizi inampandisha mgonjwa joto ghafla) na maji ya sindano. Mkufunzi anasema mgonjwa ana kilo 70, joto linapanda, kaboni dioksaidi inapanda, misuli imekakamaa, anza. Kila mmoja wetu anajua dozi, 2.5 mg kwa kilo, tumeijibu kwenye mitihani. 175 mg. Kichupa cha ile dantrolini ya zamani kina 20 mg, kwa hiyo ni vichupa tisa, na kila kimoja kinataka maji mililita 60, maji ya sindano sio saline (ya chumvi). Nikawa wa kwanza kupewa. Unavuta 60, unasukuma, unatikisa, poda ya rangi ya chungwa haitaki kuyeyuka, unatikisa tena, kiganja kinauma, unainua kwenye taa bado kuna chembe. Kichupa cha kwanza tu nimetoka jasho, nikatazama vile vinane vilivyobaki nikataka kulia. Jumla ni zaidi ya nusu lita ya kuchanganya, hiyo ni dozi ya kwanza tu, na muda wote huo mgonjwa ana watu wengine wa kuzima gesi, kumpoza joto, kumpa oksijeni. Mkufunzi hakusema kitu, aliangalia saa tu. Dakika 14 na nimemaliza vichupa vitano.

Raundi ya pili tukagawana, wanne wanachanganya, mmoja anavuta maji tu, mmoja anachoma, ikawa kazi nyepesi. Sijaandika hata mstari mmoja asubuhi ile na sijasahau kitu. Niliporudi kazini jambo la kwanza nikaenda kufungua kabati letu la dharura kuhesabu, na sitasema nilikuta nini ila mkaguzi angelia. Wiki iliyofuata tukaandika kwa mkono karatasi ya nani anashika nini, ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati, ipo hadi leo.

Siku ya pili ilikuwa njia ya hewa, ile hali ambayo tyubu (mrija wa kupumulia) haiingii na maski haipitishi hewa, inabaki kupasua shingo kwa kisu. Mwongozo wa Difficult Airway Society wa Uingereza (chama cha njia ya hewa ngumu) wa 2015 vifaa vyake vinahesabika: kisu namba 10, buji (kijiti laini cha kuongozea tyubu), tyubu namba 6 yenye kafu (kiputo cha kuziba pembeni). Unachoma kwa ulalo kwenye kale kautando chini ya zoloto (kile kinundu cha shingoni), unageuza makali yaelekee miguuni, unateremsha buji pembeni ya kisu, tyubu inafuata. Ukisoma ni sekunde kumi. Ukifanya kwenye mdoli uliovalishwa ngozi bandia nene, shingo fupi, na mtu anakupigia kelele za saturesheni (oksijeni ya kwenye damu) pembeni, unagundua mkono wako haujui zoloto liko wapi. Nilifanya mara sita. Hiyo dhana ya kuigiza dharura kama marubani sio mpya, David Gaba na wenzake pale Stanford waliichukua kwenye usafiri wa anga wakaileta kwenye usingizi kuelekea miaka ya 90, ila wengi wetu tunaisikia tu kwenye slaidi.

Haya, lakini kilichonifanya nione kwamba kuwa mbali na kwenu ni sehemu ya somo ni jioni ya siku ya tatu. Tumekaa nje watu watano, hakuna anayemjua mwenzake zaidi ya jina la kwenye beji. Mkufunzi mmoja akapita akakaa, akauliza kama utani, nani hapa amewahi kubishana na kapnografu (ile mashine inayochora mawimbi ya kaboni dioksaidi mgonjwa akitoa pumzi)? Kimya. Kila mtu anaangalia bahari. Afu mama mmoja mtu mzima, kakaa kwenye fani kuliko umri wa baadhi yetu, akanyanyua kidole akasema mimi, na nilikuwa nimekosea mimi.

Akaeleza yake. Alipomaliza nikajikuta na mimi nafungua mdomo, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu miaka miwili. Usiku, dharura, nimeweka tyubu nina uhakika nimeiona ikipita kwenye nyuzi za sauti. Skrini inaonyesha mstari umelala. Nikasema kipimo kimeziba. Nikaagiza wabadilishe kamrija. Saturesheni 97, nikajipa moyo, kumbe saturesheni hapo ni akiba ya ile oksijeni tuliyompumulisha kabla ya kumpa usingizi, itashuka ikishachelewa. Msaidizi wangu kijana, ana mwaka mmoja kazini, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kaka, tuitoe. Nikamkata jicho. Akarudia, kaka tuitoe. Tukaitoa, tukampumulisha kwa maski, nikaweka upya, mawimbi yakatokea. Mgonjwa aliamka salama, na kwenye faili nikaandika uwekaji wa tyubu ulikuwa mgumu. Ndo hivyo tu nilivyoandika.

Pale mezani hakuna aliyenihukumu. Watatu kati ya watano walikuwa na kisa cha aina hiyo. Mkufunzi akatueleza taratibu kwamba mstari ukilala usianze na mashine, anza na tyubu. Hata moyo uliosimama, ukiwa unakandamizwa kifua vizuri huwa kunaonekana mawimbi madogo, kwa hiyo mgonjwa ana hali mbaya sio sababu ya mstari kulala kabisa. Mwongozo wa kimataifa uliotoka 2022 kuhusu tyubu kuingia kwenye umio (njia ya chakula) unataka uone mawimbi yanayopanda na kushuka, yasiyofifia, kwa pumzi zisizopungua 7, usipoyaona jibu la kwanza ni kuitoa, isipokuwa pale kuitoa kwenyewe kuna hatari. Mimi nilikuwa najua kapnografu inasoma nini. Sikujua kwamba tatizo langu ni kiburi, na hilo nisingeambiwa kwenye kikao cha asubuhi pale kazini ambapo anakaa bosi anayesaini tathmini yangu, na daktari wa upasuaji ambaye mpaka saa nne atakuwa ameshaisambaza thieta nzima. Kilomita nyingi na watu usiowajua zinafungua midomo. Video ya mtandaoni haina meza ya jioni mkuu.

Niliporudi nilimtafuta yule kijana nikamshukuru. Alikuwa ameshahama kituo, nikampigia. Akacheka akasema alidhani bado nina hasira naye.

Sasa kuhusu hilo lako. Usiniulize hoteli ina nyota ngapi, tafuta ratiba uisome. Angalia kundi moja la vitendo lina watu wangapi, wakisema nane au kumi kwa mkufunzi mmoja hapo kuna kitu, wakisema 60 hiyo ni maonyesho, utaona migongo ya watu. Angalia nafasi za vitendo zinalipiwa na kuandikishwa mapema tofauti na ada ya jumla, mimi la kwanza nilifika nikaambiwa zimejaa tangu mwezi uliopita. Kama ni ganzi ya neva kwa ultrasaundi, uliza kama kuna watu wa kujitolea wa kuskani, sio picha tu. Angalia nani kadhamini, sio dhambi kampuni ya dawa kudhamini, ila ukiona kila somo la kuondoa dawa za kulegeza misuli linaishia kwenye dawa moja tu na hakuna aliyetaja kupima TOF (kipimo cha kuona kama nguvu za misuli zimerudi) ifike 0.9 kabla ya kutoa tyubu, ujue unahudhuria tangazo.

Na angalia kama masomo ni mapya. Lile la nne, mtoa mada alisimama kuongelea wagonjwa wanaotumia sindano za kupunguza uzito, zile za kila wiki za jamii ya semaglutaidi zinazochelewesha chakula kutoka tumboni, akatwambia wote waache wiki nzima kabla ya upasuaji. Huo ulikuwa ushauri wa Juni 2023 wa chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani. Oktoba 2024 vyama kadhaa kwa pamoja vilishautazama upya wakasema wengi wanaweza kuendelea, wale wenye hatari zaidi ndo wapewe vyakula vya majimaji siku moja kabla, na ukiwa na shaka angalia tumbo kwa ultrasaundi. Dada mmoja akanyoosha mkono akamuuliza kwa adabu kabisa, jamaa akaruka slaidi. Hilo ndo nililobeba siku hiyo, swali la yule dada.

Halafu kichekesho, kulikuwa na mada nzuri sana ya desflureni (gesi ya usingizi), kwamba inapasha joto angahewa zaidi ya mara 2,500 ukilinganisha na kaboni dioksaidi kwa uzito ule ule, na Umoja wa Ulaya umeibana kuanzia Januari 2026 isipokuwa pale inapohitajika kitabibu. Makofi mengi. Afu ukumbi mzima tukaenda kupanda ndege. Sijui jibu lake, mimi sasa naenda mara moja kwa miaka mitatu badala ya kila mwaka, mengine nafanya karibu.

Pointi usizidharau lakini usiziamini kabla hujauliza. Chombo kinachokupa leseni ndo kinaamua kinatambua nini, sio cheti chenye muhuri wa dhahabu. Waandikie kabla hujalipa, wakujibu kwa maandishi. Mwenzangu alirudi na pointi zake zikakataliwa zote kwa sababu mwandaaji hakusajiliwa, na tiketi haikurudishwa.

Mchana huru usiuonee aibu. Masaa manne ya asubuhi ukiwa umelala vizuri nayachukua kuliko masaa tisa ya ukumbini ukiwa umetoka zamu, sisi watu wa usingizi kazi yetu ni kulaza wengine huku wenyewe hatulali. Ila fika siku moja kabla, usishuke kwenye ndege ukaingia chumba cha vitendo. Na ukienda na familia waambie mapema jioni moja utakaa na wenzako, maana ile meza ndo nusu ya ulicholipia.

Ratiba wakikutumia ibandike humu, toa jina la mwandaaji kama hutaki kelele, tutaipitia. Mimi naenda kulala saivi, ntaangalia jioni.