Kabla ya kununua mwengine, fumueni mlionao

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Mwenye maumivu ya shingo achague mto gani, wa sufi au wa sponji?" Nimelisoma nikiwa kwenye cherehani, na sare za skuli za watu nimeziacha zisubiri. Mimi ni fundi hapa Chake Chake, na fundi yeyote atakwambieni kwamba pesa ya Idi inalipwa na shingo.

Jibu langu la haraka ni sufi. Sponji siitaki. Inashika joto, na kwa kaskazi yetu hii mtu anaamka kisogo kimelowa jasho. Kijana mmoja pale Darajani alinisifia ile inayobonyea taratibu, eti ni ya wanaanga wa Marekani. Uongo wake si mkubwa: ilibuniwa huko mwaka 1966 kwa kazi ya NASA, ila ilikusudiwa viti vya ndege. Ulaini wake unatokana na joto. Sasa iweke chini ya bati mwezi wa Februari uone, imeshalainika kabla hujaweka kichwa.

Lakini nyinyi mmeuliza mto umejazwa nini, na kinachonikereketa mimi ni kimo chake.

Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, alikuja kututembelea kutoka Konde siku za kuelekea Idi, kazi zimenielemea. Hakumaliza hata kahawa.

"Mbona ukiitwa unageuka mwili mzima?"

"Shingo, mama. Nakandwa kwa mafuta ya makonyo usiku inatulia, asubuhi imerudi."

"Asubuhi? Basi si cherehani peke yake hiyo. Lete mto wako."

Mto wenyewe ulikuwa wa harusi, foronya yake ya kudarizi, sufi imeshindiliwa mpaka basi. Kila mgeni aliusifu. Mavyaa aliutia ngumi moja, akausukuma pembeni. Akatandika mkeka ukumbini, akaniamrisha nilale ninavyolala siku zote. Mimi nalala ubavu. Akachukua kanga, akaikunja, akanitia chini ya shavu, kisha akaenda kukaa nyuma yangu ambapo simuoni. Kimya. Mara anaongeza mkunjo, mara anapunguza. Anapitisha kidole toka kisogoni mpaka katikati ya mabega: "Kichwa kinaning'inia." Anakunja tena. "Sasa kimepanda." Watoto wamekuja kutukodolea macho, na jirani akachungulia dirishani kuuliza nani mgonjwa, akajibiwa kwamba hapana mgonjwa, kuna mto tu. Kumbe bibi yule alikuwa akitafuta shingo na uti wa mgongo vinyooke msitari mmoja, basi. Alipouona msitari wake alipima unene wa ile kanga kwa vidole, akauliza wembe uko wapi.

Akafumua mshono wa mto na kuanza kutoa sufi, konzi baada ya konzi, kila mara nijilaze tena aangalie. Katikati ya shughuli mtoto akawasha feni. Mnaoijua sufi mnajua kilichofuata. Ilipaa yote. Mume wangu aliporudi kusali alasiri alitukuta sote tuna mvi, tunapiga chafya, na mchuzi wa pweza uliokuwa jikoni nao umepata fungu lake. Mavyaa hakubabaika. Aliokota iliyookoteka, akajaza kiasi chake, akashona. Mto ukatoka mwembamba, wa kutia aibu mbele za wageni, na maumivu ya asubuhi yakaanza kuniachia.

Shingo ina pingili 7, na usiku hazitaki kupindwa. Anayelala ubavu, mto unatakiwa uzibe ule mwanya ulio baina ya sikio na godoro, ambao unatokana na upana wa bega. Kwa hiyo mume mwenye mabega mapana na mkewe hawawezi kuwa na mito sare, hata foronya zikiwa pacha. Anayelala chali anataka mto wa chini zaidi. Godoro nalo lina neno lake: likiwa laini bega linazama, na mto lazima upungue. Anayelala kifudifudi kichwa kimegeuzwa upande mmoja usiku kucha, huyo simjui mto wa kumfaa, abadilishe ulalaji.

Sasa nikiyasoma niliyoandika, naona sufi nimeipa sifa isiyo yake. Ule mto ulinifaa kwa kuwa ulifumulika. Sufi yenyewe ina udhia: inashikana madonge, kimo kinashuka, lazima uianike na kuichambua, na vumbi lake halimfai mwenye pumu. Tena iliyochambuliwa vizuri siku hizi huipati bila ya kumjua mtu.

Basi dada au kaka aliyekuulizeni, mwambieni anunue mto wa sponji iliyokatwakatwa, wenye zipu. Ndiyo, sponji. Afungue, apunguze au aongeze, na amweke mtu nyuma yake amtazamie msitari. Ile ya kipande kimoja wako wanaoiapia, lakini kimo chake kikikukataa hakipunguziki. Na kama ganzi inashuka mkononi, au vidole havina nguvu, au shingo imekakamaa pamoja na homa, hayo si ya mto, ni ya daktari, na asingoje kesho. Mafundi wenzangu nao wasinilaumu: maumivu ya jioni, yale ya kuinamia kitambaa, hayakuondoka kwa mto. Hayo yalipungua nilipokitafutia kiti changu kimo kinachooana na meza.

Mimi nabaki na sufi yangu. Pumu sina.