Maswali ya Wasomaji: Kilo Zilizogoma Kushuka

Swali: Dada mtaalamu, pokea salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Nina umri wa miaka 38, ni mama wa watoto watatu, na ninauza vitenge sokoni, kazi inayonikalisha kitini tangu asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama. Urefu wangu ni mita 1.63 na uzito ulikuwa kilo 92. Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alinishauri niache kabisa bugali, wali, mkate na viazi. Wiki ya kwanza nilipungua kilo 4, nikafurahi mno. Wiki mbili zilizofuata mizani haikusogea hata nusu kilo. Kichwa kiliniuma, misuli ya miguu ilinikaza usiku, na nikajikuta napika sufuria mbili, yangu na ya nyumba nzima, na makala ya kupikia yenyewe unajua bei yake. Mama mkwe ananitazama kana kwamba ninaficha ugonjwa. Je, bugali ndio adui? Na nifanye mazoezi gani, maana siwezi kutoka kukimbia alfajiri, na nyumba yetu ni vyumba viwili tu?

Jibu: Mama mpendwa, nianze na zile kilo 4, kwa kuwa ndizo zilizokupa matumaini ya uongo. Mwili huweka akiba ya sukari ndani ya ini na misuli, akiba iitwayo glikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufikia takriban nusu kilo, na kila gramu yake hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Ulipoacha wanga ghafla, mwili ulitumia akiba hiyo, na maji yaliyokuwa yameshikamana nayo yakatoka kwa njia ya mkojo. Hapo tayari pana karibu kilo 2 ambazo si mafuta hata kidogo, na tumbo nalo lilikuwa limebeba chakula kichache kuliko kawaida. Maji hayo huondoka pamoja na chumvi, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kuumwa kichwa na kukazwa misuli katika siku za mwanzo. Mtu asiye na shinikizo la damu wala ugonjwa wa figo hupata nafuu kwa kunywa maji ya kutosha na kikombe cha mchuzi wa samaki wenye chumvi kidogo.

Wiki mbili zilizofuata hazikuwa za kushindwa kama unavyodhani. Mafuta ya mwili huyeyuka polepole: nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kiasi hicho hufichwa kwa urahisi na maji yanayopanda na kushuka mwilini, hasa kwa mwanamke anayekaribia siku zake. Hata hivyo kuna jambo la pili ambalo hukulitaja katika barua yako, nami nalihisi tu kwa kuwa nimewaona wengi wakilifanya. Mtu anapoondoa bugali, pengo huzibwa na kitu kingine, na kwetu kitu hicho mara nyingi ni sombe iliyopikwa kwa mawese na karanga, kisha karanga za kukaanga za kutafuna huku akingoja wateja. Gramu moja ya wanga huupa mwili nishati ya kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kilokalori 120 hivi, na mpishi wa sombe anayejiheshimu haishii kwenye kijiko kimoja. Chakula kinaweza kukosa wanga kabisa na bado kikakunenepesha.

Sasa nije kwa bugali wenyewe. Unga mkavu wa muhogo una zaidi ya gramu 80 za wanga katika kila gramu 100, na protini yake ni gramu 1 au 2 tu. Ukila donge lililosongwa kwa gramu 150 za unga, jambo ambalo kwa mtu mwenye njaa si ajabu hata kidogo, umeshakula gramu 120 za wanga kwa mlo mmoja. Wataalamu wengi huita ulaji wa wanga kidogo ule usiozidi gramu 130 kwa siku nzima. Wenye kufuata njia kali kabisa, ile iitwayo keto, hushuka chini ya gramu 50. Kwa hiyo mdogo wako hakukosea hesabu. Alichosahau ni kwamba yeye anapika peke yake huko Ubelgiji, ilhali wewe unasongea watu sita au saba.

Mwaka 2018 kulichapishwa matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambapo watu 609 waligawanywa makundi mawili: moja likapunguza wanga, jingine likapunguza mafuta, na wote wakahimizwa kula mboga nyingi na kuepuka sukari na vyakula vya viwandani. Baada ya miezi 12, kundi la wanga kidogo lilikuwa limepungua wastani wa kilo 6.0, na lile la mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, wapo waliopungua kilo nyingi sana na wapo walioongezeka. Nimetaja utafiti huo kwa sababu unanipa ujasiri wa kukwambia jambo ambalo huenda mdogo wako halipendi: usihame sufuria ya nyumba. Njia ya wanga kidogo inafaa, lakini itakufaa tu ikiwa utaweza kuishi nayo hata mwakani, ukiwa na mume, watoto na wageni wa Jumapili.

Ningekuwa mimi, ningeanza na vitu ambavyo hakuna mtu nyumbani atakayeviulizia. Chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na mandazi mawili iondoke kwanza. Nafasi yake ichukuliwe na mayai mawili ya kuchemsha na nusu ya avoka, ambayo hukufikisha mchana bila kutafuta kitafunwa. Soda iondoke pia, kwani chupa ya sentilita 33 hubeba takriban gramu 35 za sukari. Bugali ubaki mchana tu, donge lisizidi ngumi yako, na jioni ule mboga na samaki bila donge. Lakini sharti uwe na sahani yako mwenyewe. Najua kwamba kula sahani moja na watoto ni upendo, nami sikukatazi kuketi nao. Ila hakuna mtu duniani awezaye kuhesabu matonge yake kwenye sinia la pamoja. Pakua ya kwako kwanza, kisha ungana nao.

Habari njema ni kwamba ziwa letu linakusaidia. Sambaza, wale samaki wadogo ambao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo tunawaona kama wenyeji wa asili, hawana wanga, wana protini nyingi, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa, hukupa kalisi pia. Wapike kwa nyanya, vitunguu na kijiko kimoja cha mafuta badala ya kuwazamisha kwenye mafuta yanayochemka. Lengalenga, kabichi, biringanya na nyanya kula utakavyo. Kuhusu maharagi, wengi wanaofuata njia kali huyakataa, nami sikubaliani nao: ni kweli yana wanga, lakini yana pia nyuzinyuzi na protini zinazokaa tumboni muda mrefu. Nusu kikombe cha maharagi yaliyoiva hakina hatia. Kosa letu ni kuyaweka maharagi, wali, viazi na bugali kwenye sahani moja, kisha kuita mojawapo mboga.

Utaona kwamba kwa mpango huu sufuria ni moja na makala ni yale yale. Mboga ni ya wote. Kinachobadilika ni ukubwa wa donge lako.

Kuhusu mama mkwe, sina dawa ya haraka. Kwetu unene bado husomwa kama ushahidi kwamba mume anatunza, na mwanamke anayepungua huulizwa maswali nyuma ya mgongo wake. Mwalike aketi nawe mnapokula, akuone unamaliza sahani. Mashaka mengi huishia hapo. Ila kwa kuwa nimegusa jambo hili, niulize kwa upole: je, uliwahi kutumia vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mkononi bila boksi? Mara nyingi huwa ni deksamethasoni au siproheptadini. Ya kwanza hukusanya mafuta usoni na tumboni, hupandisha sukari ya damu na shinikizo, na ikitumiwa kwa muda mrefu hulegeza tezi zinazokaa juu ya figo, kiasi kwamba kuiacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Kama bado unaitumia, usiitupe leo. Nenda kwa daktari ili akupunguzie hatua kwa hatua.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa kiasi kidogo, nami nalisema wazi ili usikate tamaa baadaye. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli wakati mafuta yanapopungua, na kuzuia kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Sehemu ya kwanza unayo tayari bila kulipa, kwani anayeishi Bukavu ana kilima mbele ya mlango. Ukirudi kutoka sokoni, panda kwa miguu dakika 20 hadi 30, kwa kasi ambayo bado waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Magoti yakilalamika wakati wa kushuka, shuka polepole.

Sehemu ya nguvu fanya ndani ya nyumba mara 3 kwa wiki, kabla watoto hawajaamka, dakika 20 zinatosha. Chukua kiti kigumu ukiegemeze ukutani, keti na kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, mara 10. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja vyako kwenye ukuta, kunja viwiko hadi pua ikaribie, ujisukume kurudi, mara 10. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyanyua nyonga na kuzishikilia kwa sekunde 5, mara 10. Malizia kwa kubeba bidoni ya maji ya lita 5 kila mkono na kutembea kutoka chumba hadi chumba kwa dakika moja, mgongo ukiwa umenyooka. Pumzika, kisha rudia mzunguko huo mara 2 zaidi. Baada ya wiki mbili ongeza marudio hadi 15; kiti kikiwa rahisi mno, shikilia bidoni moja kifuani unapoinuka. Usipoteze muda kwa kukunja tumbo mara mia kwa nia ya kulipunguza: zoezi la tumbo huimarisha misuli ya tumbo, lakini mwili ndio unaoamua mafuta yatoke wapi. Na sokoni, kila mteja akija, simama umhudumie kwa miguu yako.

Jambo la mwisho, Mama, wewe una kifaa bora kuliko mizani, nacho ni ile tepu unayopimia vitambaa. Jipime kiuno mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, na uandike. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 huashiria hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo. Usijipe lengo la kurudi uzito wa siku ya harusi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, yaani kilo 5 hadi 9 hivi, hutosha kuboresha sukari na shinikizo la damu. Jipe miezi sita.

Swali: Nina miaka 54, ninaishi Bagira, nina kisukari na ninatumia glibenklamidi pamoja na dawa ya shinikizo la damu. Rafiki yangu ameacha vyakula vya wanga na sukari yake imeshuka. Naweza kumfuata?

Jibu: Mzee wangu, usianze kabla hujazungumza na aliyekuandikia dawa, na sababu ni kwamba njia hiyo inafanya kazi kweli. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari ya damu, iwe umekula au hukula. Ukiondoa wanga huku kipimo cha dawa kikibaki kile kile, sukari inaweza kuporomoka chini ya miligramu 70 kwa desilita: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha kuchanganyikiwa. Hali hiyo ikikupata, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, unywe mara moja, upime tena baada ya dakika 15. Shinikizo nalo huweza kushuka, nawe ukahisi kizunguzungu unaposimama. Daktari akikubali na kurekebisha dawa, punguza robo ya donge kwanza, pima sukari mara kwa mara, na utembee dakika 10 au 15 kila baada ya mlo, kwani misuli inayotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu. Bia pamoja na glibenklamidi, hasa tumbo likiwa tupu, ni mtego mwingine wa kuishusha sukari, achana nayo.

Swali: Mimi ni mwanafunzi, bado namnyonyesha mtoto wa miezi minne. Nimeuziwa chai ya kupunguza tumbo, nikaambiwa niinywe na maji moto ya ndimu bila kula jioni.

Jibu: Chai nyingi za aina hiyo hubeba majani ya kuharisha, na kinachopungua ni maji na kinyesi, kilo hurudi siku utakayoacha. Tena baadhi ya viungo vyake huweza kupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Anayenyonyesha hatakiwi kuruka mlo wala kufuata keto. Kula jioni, punguza soda na mandazi, tembea na mtoto mgongoni. Na hiyo ndimu ikamulie sambaza.