Soma miba kabla ya rangi: kwa anayeanza kuhesabu samaki wadogo wenye sumu mwambani

Neno "sumu" litakuchanganya siku ya kwanza. Bunju ana sumu, ngogo naye ana sumu, lakini bunju humdhuru anayemla na ngogo humdhuru anayemshika. Lugha yetu inatumia neno moja kwa yote mawili, kwa hiyo ukimwuliza mvuvi "huyu ana sumu?" atakujibu "ndiyo", na hutajua ameitikia lipi. Uliza hivi: "Huyu ukimla unaumwa, au ukimshika unachomwa?" Katika hesabu yetu tunawataka wa kundi la pili tu: wenye mwiba au jino lililoshikamana na tezi ya sumu.

Usidhani ni wachache. Mwaka 2006 watafiti Leo Smith na Ward Wheeler walionyesha kwamba aina za samaki wenye sumu ya kuchoma zinapita 1,200. Hesabu iliyofuata, ya mwaka 2016, ikapandisha idadi hiyo hadi kati ya 2,386 na 2,962, na kuonyesha kuwa sumu ilizuka mara 18 katika nasaba mbalimbali za samaki. Hao ni wengi kuliko nyoka wenye sumu. Kwa kazi yako maana yake ni kwamba hakuna sura moja ya samaki mwenye sumu. Hakuna rangi ya hatari wala umbo la hatari utakalolikariri likutoshe. Ndiyo maana tunaanza na miba.

Mwiba wa sumu hauna msuli wa kusukuma sumu kama lilivyo jino la nyoka. Umbo lake ni kama sindano yenye mifereji miwili kwa urefu, tishu ya sumu imelala ndani ya mifereji hiyo, na juu yake pamefunikwa na ngozi. Mwiba ukiingia mwilini mwako, ngozi hiyo inarudi nyuma, tishu inabanwa, na sumu inatoka. Nguvu ya kuisukuma ni uzito wako mwenyewe. Kwa hiyo aliyemgusa kidogo huumia kidogo, na aliyemkanyaga kwa mwili mzima huumia sana. Samaki hakuja kukushambulia. Kosa karibu kila mara ni la mkono au mguu uliowekwa pasipotazamwa.

Anza na tasi, ambaye Unguja wengi humwita chafi, kwa kuwa ndiye utakayekutana naye kila siku kwenye dema. Mhesabu ukiwa na aliyekufa mbele yako: miba 13 ya pezi la mgongo, miba 7 ya pezi la mkundu, na kila pezi la tumboni lina miba miwili, mmoja kila ukingo. Jumla 24, na yote inachoma. Pezi la mkundu lenye miba 7 ndilo kitambulisho chake, kwani samaki wengi wa mwambani wana miwili au mitatu hapo. Rangi yake haifai kutegemewa. Tasi akishtuka, akilala usiku au akifa, mabaka yanamjaa mwilini, na yule uliyemwona kijivu safi majini anakuwa mwingine kabisa juu ya ngalawa. Utaona wageni wa kazi hii wakiandika aina mbili kwa samaki mmoja kwa sababu hiyo tu.

Ngogo ana miba mitatu tu: mmoja mgongoni, karibu na kichwa, na mmoja katika kila pezi la ubavuni. Ina meno kama msumeno, hivyo ikitoka inachana. Wadogo wake huenda kwa kundi lililosongamana kama mpira unaobiringika juu ya mchanga, mara nyingi wakifika 100, kila mmoja na mistari miwili myeupe ubavuni. Usijaribu kuwahesabu mmoja mmoja. Piga picha mbili, kadiria kwa makumi, kisha hesabu kwenye picha jioni. Wakubwa hawafanyi mpira, hukaa chini ya vipango vya mwamba mchana, na hao ndio wanaokosekana kwenye daftari za wageni.

Samaki simba ana miba 12 au 13 mgongoni, mitatu ya pezi la mkundu na mmoja katika kila pezi la tumboni. Yale mapezi makubwa ya ubavuni yanayotandazwa kama mbawa, ambayo kila mtu huyaogopa, hayana sumu. Watu hukwepa mbawa na kusahau tumbo. Mchana mtafute chini ya vipango, mara nyingi akiwa amepinduka, mgongo chini na tumbo juu. Alfajiri na magharibi hutoka kuwinda, na hesabu ya saa hizo haipaswi kuchanganywa na ya mchana. Kutofautisha jamii mbili za wenye mbawa, tazama ngozi kati ya mirija (vijiti vyembamba vinavyoishikilia ngozi) ya pezi la ubavuni: kwa Dendrochirus ngozi inaunganisha karibu hadi ncha, kwa Pterois sehemu kubwa ya mirija iko huru.

Hapa kuna kosa ambalo limejaa kwenye takwimu za zamani. Samaki simba mkubwa wa pwani yetu ni Pterois miles, lakini vitabu vingi vya mfukoni vimepigwa picha Pasifiki na vinamwita Pterois volitans. Miba haitakusaidia kwa hao wawili, kwa sababu wote wana 13. Kinachosaidia ni mirija laini: miles kwa kawaida ana 10 mgongoni na 6 kwenye pezi la mkundu, volitans ana 11 na 7. Kama hukuhesabu, andika Pterois miles kwa sababu ya mahali ulipo, na weka alama kuwa hukuhesabu. Pia lipo jina lililotoka kwetu: Pterois mombasae, ambaye J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, alimpa jina la Mombasa mwaka 1957.

Smith huyohuyo alichomwa na samaki jiwe akiwa Msumbiji, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1951. Samaki jiwe, Synanceia verrucosa, ndiye wa kumheshimu kuliko wote. Miba yake ya mgongoni, kwa kawaida 13, ni mifupi na minene, kila mmoja una mifuko miwili ya sumu, na unapita soli nyembamba ya kiatu cha mpira. Hana magamba, ngozi ni ya vinundu, macho madogo, mdomo umeelekea juu kana kwamba anatazama mbingu. Wengi humchanganya na Scorpaenopsis diabolus, samaki nge mwenye nundu mgongoni. Huyo wa pili akitikiswa huinua pezi la ubavuni na kuonyesha rangi kali ya njano au machungwa upande wa ndani, na mdomo wake haukusimama wima. Usimtikise ili uthibitishe. Subiri asogee mwenyewe, au piga picha ya uso kutoka mbele na uache.

Samaki jiwe, na jamaa zake wa karibu kama Inimicus na Ablabys, wana kitu kingine kilichoelezwa vizuri mwaka 2018 tu: mfupa wenye ncha chini ya jicho ambao samaki huufungua pembeni na kuukaza usirudi. Ukipata aliyekufa, mpapase shavuni kwa koleo utauona. Ni alama nzuri ya kutenga kundi hilo na samaki nge wa kawaida.

Sasa wadogo wenyewe, ambao ndio sababu ya kazi hii. Utepe wa kupimia wa mita 50 unaolazwa mwambani, ukihesabu samaki kwa upana wa mita 5, unafaa kwa changu na pono. Hauwaoni samaki wa sentimita 5. Baada ya kumaliza mpito wa kwanza, rudi juu ya utepe huohuo kwa upana wa mita moja, nusu mita kila upande, ukiwa na tochi hata kama ni saa sita mchana. Ukitumia chini ya dakika 25, umekimbia. Tochi hairudishi tu mwanga, inarudisha rangi nyekundu, na samaki nge wengi wadogo ni wekundu wanaoonekana weusi majini.

Katika utepe huo chagua vichwa 10 vya matumbawe ya matawi, hasa Pocillopora, ukamulike kila kimoja kutoka pande zote bila kugusa. Humo ndani ya matawi hukaa Caracanthus. Mwili ni wa mviringo uliobanwa ubavuni, hauzidi sentimita 5 au 6, na ngozi imefunikwa na vinundu vidogo mno kiasi cha kuonekana kama mahameli. Ukimmulika hakimbii nje. Anajikaza kati ya matawi mawili na kubaki hapo. Utaona jicho kwanza. Upande wetu wa Bahari ya Hindi tunaye Caracanthus madagascariensis na Caracanthus unipinna. Utepe ambao haukuwa na kichwa hata kimoja cha tumbawe la matawi uandikwe hivyo, usiandikwe sifuri ya samaki. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mchambuzi hawezi kuyatenganisha baadaye.

Samaki jani, Taenianotus triacanthus, anaweza kuwa wa njano, waridi, kahawia au mweusi, wote wa aina moja. Mwili wake mwembamba kama jani huyumba na maji. Andika umbo, halafu rangi.

Kuna kundi moja ambalo kwake kanuni ya miba inavunjika, nalo lazima ulijue. Meiacanthus hana mwiba wa sumu. Sumu yake iko mdomoni, kwenye meno mawili marefu ya taya la chini, yenye tezi mizizini. Zipo aina zaidi ya 25 za jenasi hii, na kwetu, kuanzia Kenya kuteremka hadi Afrika Kusini, yupo Meiacanthus mossambicus mwenye mkia wa njano, aliyeelezwa mwaka 1959. Samaki mkubwa akimmeza, humtema akiwa hai. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kwamba sumu yake ina, pamoja na vitu vingine, kemikali za jamii ya afyuni, na kwamba haimuumizi sana mdungwa bali humshusha shinikizo la damu. Kwa panya lilishuka kwa karibu asilimia 40. Uligundua pia kuwa meno yalitangulia, sumu ikafuata. Hilo linaeleza kwa nini Plagiotremus, jamaa yake, ana meno marefu yaleyale bila sumu.

Na hapo ndipo rangi inapokuwa mtego. Samaki wasio na sumu huiga rangi ya Meiacanthus ili waachwe. Tofauti itafute kwenye mwendo na mdomo: Meiacanthus huelea wazi, juu ya tumbawe, taratibu, asiye na haraka ya kujificha, Plagiotremus huenda kwa kunyumbuka kama mkunga mdogo, pua imetokeza na mdomo uko chini yake. Kama hukuona mdomo, andika "jamii ya Meiacanthus au mwigaji". Ni afadhali rekodi yenye shaka iliyokiriwa kuliko jina zuri la uongo.

Kuhusu mwili wako: usijishikize mwambani, na ukilazimika kwa sababu ya mkondo, tumia ncha ya kidole kimoja mahali ulipopamulika. Glovu haizuii mwiba, humpa tu mtu ujasiri wa kushika. Maji yakipwa na unatembea, buruza miguu kwenye mchanga. Kwenye mwamba simama unapopaona.

Chomboni pawe na chupa mbili za chai za lita mbili, zenye maji ya moto, ndoo na kipimajoto. Maji ya chupa yakiwa bado karibu nyuzi 90 na ya bahari nyuzi 28, kikombe kimoja cha moto kwa vitatu vya bahari kinakupa takriban nyuzi 43. Usivuke 45. Aliyechomwa hawezi kupima joto kwa kiungo kinachouma, ataungua bila kujua. Apimiwe kwa mkono wa mtu mwingine asiyechomwa. Toa vipande vya mwiba vinavyoonekana, tumbukiza jeraha kwa dakika 30 hadi 90, na unapoongeza maji ya moto toa kwanza mguu wake kwenye ndoo. Usifunge kamba kuzuia damu, wala usichanje. Akishindwa kupumua, akizimia, akiwa ni mtoto, akiwa amechomwa kifuani au tumboni, kipande kikibaki ndani, au kama ni samaki jiwe, safari ya hospitali inaanza sasa na maji ya moto yaende naye. Chanjo ya pepopunda nayo iangaliwe. Dawa ya kupinga sumu ya samaki jiwe hutengenezwa Australia tangu mwaka 1959. Uliza hospitali ipi inayo kabla ya kupakia mitungi, si baada ya mtu kuchomwa.

Sampuli iliyokufa bado inachoma, hata iliyotoka kwenye barafu. Mshike taya la chini kwa koleo, kata miba ya mgongo kwa mkasi imara ukianzia mkiani kwenda kichwani, kisha ya tumboni, kisha ya pezi la mkundu, lakini baada tu ya kuhesabu na kupiga picha pezi likiwa limesimama. Miba iliyokatwa iingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, lenye maandishi ubavuni, si kwenye mfuko wa plastiki ambao mwenzako ataubeba begani.